Somo: Kufunga Ekadashi kwa kalenda ya mji wako

Wanaoanza kufunga Ekadashi, mfungo wa Kihindu wa kumheshimu mungu Vishnu, huogopa njaa. Njaa utaizoea. Kinachowapiga watu chenga ni siku yenyewe na saa ya kufungua, kwa hiyo hapo ndipo tutakaa zaidi.

Hatua ya 1: Ijue tithi, yaani kipimo cha siku za mwezi. Mwezi wa Kihindu una nusu mbili: Shukla, mwezi unapokua, na Krishna, unapopungua. Kila nusu ina tithi 15, na ya 11 ndiyo Ekadashi. Kwa kawaida hutimia 24 kwa mwaka, au 26 unapoongezwa mwezi wa ziada, adhika, kama 2023 na 2026. Mwezi huo ndio unaoizuia Diwali isizunguke misimu yote kama Ramadhani. Tithi si siku ya saa 24. Ni muda ambao mwezi unaliacha jua kwa nyuzi 12, na kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani, tithi moja huweza kuchukua saa 19 na nyingine zaidi ya 26.

Hatua ya 2: Tazama tithi iliyopo jua linapochomoza kwako. Kwako, si India. Tuseme ni Julai, na kwa saa za Ahmedabad Ekadashi inaanza Jumatatu saa 12:30 asubuhi, inaisha Jumanne saa 1:30 asubuhi. Kule jua la Jumatatu limechomoza Dashami, tithi ya 10, ingalipo, basi wao watafunga Jumanne. Dar es Salaam tuko nyuma yao kwa saa mbili na nusu. Kwetu tithi hiyohiyo inaanza Jumatatu saa 10 alfajiri na inakwisha Jumanne saa 11 alfajiri, jua halijatoka. Sisi tunafunga Jumatatu. Ile kalenda nzuri ya ukutani aliyokuletea shangazi kutoka Gujarat itakupa siku isiyo yako, na ujumbe wa simu uliotumwa na binamu aliyeko Mumbai vilevile. Tumia panchang, yaani kalenda ya Kihindu, iliyopigiwa hesabu ya mji wako.

Hatua ya 3: Usiku wa kuamkia. Kula mapema, chakula chepesi, na usukutue mdomo vizuri.

Hatua ya 4: Siku yenyewe. Wenye nguvu hukaa kwa maji tu. Wengi wetu tunakula faral, yaani chakula kinachoruhusiwa katika mfungo. Kinachoachwa ni nafaka na kunde: wali, ugali, chapati, maharage, dengu, choroko, mbaazi. Vinavyobaki ni matunda, maziwa, mtindi, viazi, muhogo, viazi vitamu na karanga. (Ndiyo, karanga nazo ni jamii ya kunde, lakini nyumba nyingi huzila siku hiyo na sitaanzisha ugomvi hapa.) Sabudana, zile punje nyeupe za wanga wa muhogo, iloweke usiku, asubuhi uichuje mpaka punje ziachane. Kaanga binzari nyembamba kwenye samli, tia pilipili mbichi na viazi vilivyochemshwa, kisha sabudana, karanga zilizotwangwa na chumvi ya mawe. Punje zikianza kung'aa, epua. Ukizidisha moto utapata gundi.

Jihadhari na mvuje wa dukani. Mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Hamira ya unga (baking powder) nayo huwa na wanga wa mahindi. Soma kibandiko.

Hatua ya 5: Parana, yaani kufungua. Hufanyika kesho yake, baada ya jua kuchomoza na kabla Dwadashi, tithi ya 12, haijaisha. Robo ya kwanza ya Dwadashi, Hari Vasara, nayo ipite kwanza. Siku nyingine dirisha hili ni la saa kadhaa, siku nyingine ni la dakika chache tu, kwa hiyo andika saa zake tangu jana yake. Fungua kwa nafaka, hata punje chache za wali.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kalenda yetu ya Mombasa inaonyesha Ekadashi siku mbili mfululizo. Nifunge ipi?*
Marahaba. Hapo kuna madhehebu mawili. Smarta wanatazama jua linapochomoza. Vaishnava, wafuasi wa Vishnu, wanarudi nyuma dakika 96 kabla ya jua: wakiikuta Dashami bado ipo, wanasogeza mfungo hadi kesho yake. Fuata mandir (hekalu) ya kwenu, usichague ile inayokwepa harusi.

*Mama ana kisukari, anatumia sindano, na anang'ang'ania Nirjala.*
Nirjala, ile ya Shukla ya mwezi wa Jyeshtha, haina hata maji. Kwa mama hapana, dada. Aache wali na dengu tu, ale kwa wakati wake, na mzungumze na daktari kabla ya kubadili dozi yoyote. Jina la Vishnu atalitaja akiwa ameshiba, halina tatizo.

*Nimesahau, nimekula andazi ofisini saa nne. Mfungo umekwisha?*
Acha hapo ulipofika, endelea na mfungo mpaka parana. Usijiambie kwamba kwa kuwa umeharibu, basi na pilau ya mchana ipite.

*Mimi nafunga Sankashti, mfungo wa mungu Ganesh unaofunguliwa mwezi ukionekana. Nairobi mwezi wa saba ni mawingu matupu, nitauonaje mwezi?*
Sankashti ina utaratibu wake, bhai (kaka). Siku yake ni ile ambayo tithi ya nne ya Krishna ipo mwezi unapochomoza, mara nyingi kwenye saa tatu usiku au kupita kidogo. Saa ya mwezi kuchomoza inajulikana kwa hesabu. Ikifika na mawingu hayajaondoka, elekea mashariki, mwaga maji ya arghya, yaani ya kuutolea mwezi heshima, kisha ule.