Namna ya Kuhifadhi na Kupakia Sifa za Komponenti katika Delphi

Tuseme unatengeneza programu ya kupimia kahawa ya maganda kwa ajili ya chama cha msingi huko Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi, na umeunda komponenti (kipande cha programu) ya TMizani yenye sifa tatu: Poti (mlango wa kompyuta unaounganishwa na mizani), Kasi (ya kupitisha data) na Hai (kama mawasiliano yamefunguliwa). Karani ataweka mipangilio jioni, naye atatarajia kuikuta vilevile asubuhi wakulima watakapokuwa wamepanga foleni.

Delphi, zana ya kuandikia programu iliyotoka mwaka 1995, huhifadhi yenyewe sifa zilizotangazwa chini ya published. Zilizo chini ya public haziandikwi. Hamishia chini ya published zile tu zinazopaswa kudumu (uzito wa gunia lililopo kwenye mizani si mojawapo), kisha tumia WriteComponent kuandika komponenti kwenye faili na ReadComponent kuisoma.

Panapowasumbua wengi ni neno default:

property Kasi: Integer read FKasi write SetKasi default 9600;

Tangazo hili haliweki thamani yoyote. Linaiambia tu sehemu ya Delphi inayoandika faili kwamba Kasi ikiwa 9600 isiiandike. Konstrakta (msimbo unaoiunda komponenti) isipoweka FKasi := 9600, yaani thamani ya Kasi yenyewe, karani atachagua 9600, faili litairuka, na programu itakapofunguliwa tena atakuta sifuri. Kwa sababu hiyohiyo, pakia katika komponenti mpya: ukipakia juu ya ile iliyokwisha kubadilishwa kuwa 4800, itabaki 4800, kwa kuwa faili halina neno la kuipinga.

Hatua inayofuata ni kuzuia sifa zisitende kazi kabla ya wakati. Wakati wa kupakia, prosija (vipande vya msimbo) za kuweka thamani huitwa moja baada ya nyingine, na Hai ikitangulia Poti, mizani itajaribu kufungua poti isiyo yake. Usitegemee mpangilio wa sifa, andika hivi (csLoading ni alama kwamba komponenti bado inapakiwa, FHaiBaadaye ni mahali pa kutunza thamani kwa muda, na WekaHai ni prosija yako inayofungua poti):

procedure TMizani.SetHai(Thamani: Boolean);
begin
  if csLoading in ComponentState then
    FHaiBaadaye := Thamani
  else
    WekaHai(Thamani);
end;

Kisha, ndani ya prosija ya Loaded, ita inherited (toleo la asili la prosija hiyo) kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoondoa alama ya csLoading, halafu WekaHai(FHaiBaadaye). Loaded huitwa baada ya sifa zote kusomwa, kwa hiyo Poti na Kasi zitakuwa tayari.

Kwa majaribio, andika komponenti kwenye TMemoryStream (hifadhi ya muda iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta), igeuze kuwa matini kwa ObjectBinaryToText na uisome kwa macho. Jaribu thamani iliyo sawa na default na iliyo tofauti nayo. Jaribio la moja tu halitoshi.

Ukija kubadili jina la sifa, tuseme Poti iwe JinaLaPoti, mafaili ya zamani yatagoma kufunguka. Katika DefineProperties, prosija ya kusajili sifa za ziada za faili, sajili jina la zamani kwa prosija ya kusoma, weka nil (yaani hakuna) mahali pa prosija ya kuandika na False mwishoni: litasomwa, lakini halitaandikwa tena.