SOMO: Kuanza kulala na mashine ya CPAP nyumbani, hatua kwa hatua

Wakuu, heshima kwenu. Tangu niseme humu kwamba nalala na mashine, kila wiki napata ujumbe wa pembeni na maswali ni yaleyale: ni mashine gani, inavaliwaje, inaumiza, ni oksijeni? Naandika mara moja hapa. Mwenye swali aulize chini ili na mwenzake afaidike.

Mimi si daktari. Nimeendesha lori la Dar–Tunduma miaka 19. Nilifikia hatua nasinzia kwenye usukani mchana kweupe, hata siku niliyolala masaa 8. Siku moja nilishtuka pale Kitonga, tairi la kushoto liko kwenye changarawe, utingo ananivuta shati huku analia. Nyumbani walikuwa wakisema ni jinamizi linanikaba. Kumbe nikilala koo linalegea na kujifunga, pumzi inakatika, ubongo unanishtua nivute hewa, nikilala tena linajifunga tena. Usiku kucha. Ugonjwa huu unaitwa sleep apnea, na CPAP ni mashine inayosukuma hewa kwa presha kupitia barakoa ili koo lisijifunge.

Hatua ya 1: Pima. Anza kwa daktari wa kifua au wa masikio, pua na koo. Kipimo kinafanyika ukiwa umelala: mrija mwembamba puani unapima hewa inayopita, mkanda kifuani unaonyesha kama unajitahidi kuvuta pumzi, na kidoleni kinabanwa kifaa cha kupima oksijeni. Hesabu inayotoka inaitwa AHI, yaani kwa saa moja pumzi imesimama au imepungua sana mara ngapi, kila mara kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima chini ya 5 ni kawaida. Kuanzia 5 ni hafifu, kuanzia 15 ni wastani, 30 na kuendelea ni kali. Yangu ilisoma 52, karibu kila dakika moja.

Hatua ya 2: Presha. Anaipanga daktari. Mashine za nyumbani kwa kawaida zinatoa 4 mpaka 20, kipimo ni sentimita za maji. Usibadilishe kwa kukisia.

Hatua ya 3: Barakoa. Ijaribu kabla ya kulipa. Anayepumua kwa mdomo achukue ya pua na mdomo. Mwenye ndevu nyingi ajaribu ile yenye vijimto vya kukaa kwenye tundu za pua, haivuji sana.

Hatua ya 4: Weka mashine kwenye stuli, chini ya usawa wa kichwa chako, ili maji ya mvuke yasikurudie puani. Iwe mbali na pazia.

Hatua ya 5: Maji ya tangi. Tumia yaliyokenekwa, yanapatikana kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Ukikosa kwa usiku mmoja, chemsha na uyaache yapoe. Maji ya kisima chenye chumvi yataacha ukoko mweupe. Asubuhi mwaga yaliyobaki.

Hatua ya 6: Funga mikanda ukiwa umeshalala na mashine inapuliza, kwa sababu uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyekaa. Kaza mpaka isivuje, uishie hapo. Ukizidisha, mpira laini unajikunja na unavuja zaidi.

Hatua ya 7: Vitundu vya kutolea hewa. Hapa ndipo nilipokosea, nawaomba msome polepole.

Barakoa ya CPAP ina vitundu vidogo sana. Kwenye yangu vimezunguka kiwiko, pale mpira mrefu unapoungana na barakoa. Usiku wa tatu mke wangu alilalamika kwamba upepo unampiga shingoni na kuna mluzi. Nami nilikuwa nimeambiwa barakoa isivuje. Nikachukua plasta ya kidonda, nikaziba vitundu vyote, nikalala. Niliamka saa kumi usiku kichwa kinapasuka, shuka limelowa jasho, moyo unadunda kama nimepandisha mlima mbio. Nikadhani ni malaria. Usiku uliofuata nikaivaa vilevile, hali ikawa ileile. Nilipoibeba kwenda kliniki, nesi aliiona plasta hata sijamaliza kueleza. Akaibandua kwa ukucha, akaniuliza, "Baba, hewa unayoitoa inatokea wapi?" Sikuwa na jibu. Mpira ni mmoja tu, na ndani yake hewa inakuja kwako. Ile uliyokwisha kuitumia, iliyojaa kabonidayoksaidi, inasukumwa nje kupitia vitundu vile. Ukiviziba unaivuta tena na tena.

ONYO: usivizibe kwa plasta, kitambaa, wala mto. Upepo unaotoka kwenye vitundu ni haki yake. Uvujaji ni ule wa pembeni, unaopanda machoni au kushuka shavuni.

ONYO la pili: umeme ukikatika, hewa mpya haiji na vitundu peke yake havitoshi. Ivue. Barakoa ya pua na mdomo huwa na vali inayofunguka yenyewe, lakini usiigeuze kuwa sababu ya kuendelea kulala nayo. Mtoto, au mgonjwa asiyeweza kuivua kwa mkono wake, asiachwe nayo peke yake.

Kama upepo unamsumbua mwenzako, zungusha kiwiko kielekee juu. Ndivyo tulivyomaliza kwetu.

Hatua ya 8: Kuzoea. Vaa nusu saa jioni ukiangalia taarifa ya habari. Washa ile sehemu ya kuanza na presha ndogo inayopanda taratibu. Halafu pambania masaa. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao SAVE, wagonjwa 2,717 wenye maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo pamoja na ugonjwa huu. CPAP haikupunguza mashambulizi ya moyo wala kiharusi. Watu wakaupokea kama hukumu ya mashine. Lakini wastani wa matumizi ulikuwa masaa 3.3 kwa usiku! Na hata kwa masaa hayo, kusinzia mchana kulipungua, na huzuni na wasiwasi pia. Kwa hiyo mtu asikuuzie CPAP kama kinga ya kiharusi. Pia asikwambie haifanyi kitu. Mimi sisinzii tena, na utingo wangu analala safarini bila hofu.

Hatua ya 9: Barakoa ioshe kila siku kwa sabuni laini, mpira kila wiki. Chujio likague kila wiki, vumbi letu mnalijua.

Karibuni kwa maswali.

---

Kijana wa Nzega: Bei?

Dereva wa Tunduma: Umepima?

Kijana wa Nzega: Bado.

Dereva wa Tunduma: Basi bei haijakufikia. Hatua ya 1.

Chapati Moto: Mzee shikamoo. Sijasoma yote, ni ndefu. Hii ni mitungi ya oksijeni, si ndiyo?

Dereva wa Tunduma: Marahaba. Siyo. Ni hewa hiihii ya chumbani kwako inayosukumwa kwa presha ili koo lisijifunge. Yaliyobaki yamo kwenye sehemu ambayo hujaisoma.

Nesi Mtarajiwa: Shikamoo baba. Asante kwa somo, hatua ya 7 nimeinakili. Umesema mkanda wa kifuani unaonyesha kama mtu anajitahidi kuvuta pumzi. Kwa nini ni muhimu, kama hewa imeshaonekana haipiti?

Dereva wa Tunduma: Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Pumzi kukatika kuko kwa namna mbili. Ya kwanza njia imeziba: hewa haipiti, lakini kifua na tumbo vinahangaika, kimoja kinapanda kingine kinashuka. Hiyo ndiyo yangu. Ya pili njia iko wazi, ila ubongo hautoi amri ya kuvuta, kifua kimetulia kabisa. Hii wanaipata sana wenye moyo uliochoka. Kwenye mrija wa pua zote mbili zinaonekana sawa, mstari umenyooka. Mkanda ndio unaozitenganisha, na tiba zake hazifanani.

Nesi Mtarajiwa: Kwa hiyo mtu akipewa CPAP kwa kuangalia kipimo cha kidole peke yake…

Dereva wa Tunduma: Umenielewa. Kidole kinasema oksijeni imeshuka, hakisemi kwa nini.

Fundi Redio: Mimi nimeuziwa ya mtumba, imeandikwa ASV. Muuzaji anasema ni kali kuliko CPAP, inajirekebisha yenyewe. Nampelekea baba, moyo wake umetanuka na miguu inavimba. Naanza na presha ngapi?

Dereva wa Tunduma: Usimvalishe. Kwanza hilo.

Pili, nikueleze sababu, kwa kuwa ni baba yako. Mwaka 2015 ulitolewa utafiti uitwao SERVE-HF: wagonjwa 1,325 ambao moyo wao unasukuma damu kwa udhaifu, na pumzi inakatika kwa ile namna ya pili niliyomweleza nesi. Waliwekewa ASV kwa nia njema kabisa. Hesabu ya pumzi ikawa nzuri, lakini vifo vya moyo vikaongezeka kuliko kwa wasiotumia. Hakuna aliyetegemea. Baada ya hapo madaktari walionywa wasiwawekee wagonjwa wa aina hiyo. Mpeleke baba kwa daktari wa moyo, na mashine iache dukani kwako.

Fundi Redio: Ila muuzaji ana uzoefu mkuu, usitutishe.

Dereva wa Tunduma: Muuzaji amempima baba yako moyo? Sina la kuongeza.

Bi Mkubwa wa Tanga: Maji yaliyokenekwa huku adimu. Ya betri, yale ya sheli, si safi?

Dereva wa Tunduma: Hapana dada yangu. Yametengenezwa kwa ajili ya betri, hakuna aliyeyakagua kwa ajili ya mapafu. Na asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana nayo, nimeona mtu akichanganya gereji. Ukikosa kabisa, lala bila maji. Mashine inafanya kazi, pua ndiyo itakauka kidogo.

Bi Mkubwa wa Tanga: Ahsante. Na kile cha kidole ninacho tangu korona, nikipima kinasoma 98. Basi mimi niko salama?

Dereva wa Tunduma: Umepima ukiwa macho. Hata mimi nikiwa macho nilisoma 97, usiku nilishuka mpaka 71. Halafu kuna jambo linatuhusu sisi weusi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha vipimo vya kidole na vya damu yenyewe. Oksijeni iliyoshuka bila kidole kuonyesha ilitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 kuliko kwa weupe. Mwanga wa kifaa unapita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inauyumbisha. Mwambie daktari asitegemee namba hiyo peke yake.

Nesi Mtarajiwa: Naongezea kwa bibi harusi wote: hina nyeusi na rangi ya kucha huvuruga usomaji. Acheni kidole kimoja bila kupaka.

Bi Mkubwa wa Tanga: Haya basi, yangu ilikuwa na hina hadi kwenye kucha. Nitakwenda kupima vizuri.

Mkweli Daima: Haya ni maradhi ya kutafutiwa. Babu zetu walikoroma wakafika miaka 90. Laleni ubavu, mpunguze ugali wa usiku.

Dereva wa Tunduma: Kulala ubavu kunawasaidia baadhi, na kupunguza uzito kunasaidia wengi, Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha hata dawa ya kupunguza uzito, tirzepatide, kwa wanene wenye ugonjwa huu wa wastani na mkali. Sijawahi kupinga. Lakini kabla ya Colin Sullivan wa Sydney kuandika kuhusu wagonjwa wake 5 wa kwanza wa CPAP mwaka 1981, tiba ya uhakika kwa waliozidiwa ilikuwa kutobolewa koo. Mtu hatobolewi koo kwa maradhi ya kutafutiwa. Na babu yako hakuwa na lori la tani 30 mkononi.

Abuu Pangani: Wakuu, dondoo ya umeme. Mimi natumia betri ya sola na inveta. Nilipozima kipasha maji na kipasha mpira, betri iliyokuwa inaniacha saa nane usiku sasa inafika asubuhi. Hivyo viwili ndivyo vinavyokula.

Dereva wa Tunduma: Kweli kabisa Abuu. Na mwenye mashine yenye waya wa kuunga moja kwa moja kwenye betri, autumie, inveta nayo inapoteza. Waya uwe wa mashine hiyohiyo, usiunge wa kubahatisha.

Abuu Pangani: Na Ramadhani unafanyaje?

Dereva wa Tunduma: Naivua kwa daku, naivaa tena baada ya swala ya alfajiri. Kuhusu mvuke na saumu, muulize sheikh wako.

Mama Shufaa: Kaka, mume wangu anakoroma, halafu ananyamaza, halafu anashtuka kama aliyezama majini. Nikimwambia anasema namzushia. Nifanye nini?

Dereva wa Tunduma: Dada, hata mimi nilibisha miaka 4. Mke wangu aliacha kubishana. Alinirekodi kwa simu, dakika 10 tu, asubuhi akanipa niangalie huku nakunywa chai. Nilijiona kifua kinahangaika na hewa haiingii. Chai ilipoa. Washa taa ndogo, kifua na uso vionekane, sauti iwe wazi. Pale anaponyamaza hesabu sekunde mpaka avute pumzi.

Mama Shufaa: Nimerekodi jana usiku. Mara ya kwanza sekunde 24. Ya pili 31. Nimehesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Dereva wa Tunduma: Hujakosea. Anaendesha gari au bodaboda?

Mama Shufaa: Noah, ya abiria.

Dereva wa Tunduma: Mwonyeshe leo kabla hajashika ufunguo. Wiki hii muende kwa daktari pamoja, na simu muibebe na video hiyo ndani.