Jinsi ya Kuomba na Kujiandaa kwa Karatasi za Insha na za Somo katika Mtihani wa Utumishi wa Umma

Wengi wanaojiandaa kwa mitihani ya ushindani ya utumishi wa umma husoma kwa miezi na kuandika kwa siku chache. Kisha wanaingia kwenye chumba cha mtihani, wanapewa saa tatu na kijitabu kitupu, na hapo ndipo wanapogundua kwamba kulijua jambo si sawa na kuliandika huku muda unakwisha. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye bado hajafika huko. Nitaanza na fomu ya maombi, kwa sababu uamuzi mmoja mzito sana, ule wa somo utakalotahiniwa, mara nyingi hufanywa kwenye fomu hiyo hiyo.

Soma tangazo mara mbili kabla ya kujaza chochote

Usomaji wa kwanza ni wa sifa: uraia, umri, kiwango cha elimu, na idadi ya mara unazoruhusiwa kujaribu. Wa pili ni wa muundo wa mtihani: karatasi ni ngapi, kila moja ina alama ngapi, zipi ni za lazima, zipi ni za kuchagua, na vizingiti, yaani alama za chini unazotakiwa kufikisha, viko wapi. Hapa kwenye vizingiti ndipo watu wanapoumia. Katika mtihani wa India unaoendeshwa na tume iitwayo UPSC, karatasi mbili za lugha haziingii kwenye jumla ya alama, lakini asiyefikisha asilimia 25 katika kila moja, alama zake za insha na za masomo hazihesabiwi. Katika CSS, mtihani wa kuingia utumishi wa umma wa Pakistan, karatasi ya insha ya Kiingereza ina alama 100 na mtahiniwa hana budi kupata angalau 40. Akipata 39, alama zake nzuri za kwingine hazimwokoi. Ukishajua vizingiti vya mtihani wako, viandike kwenye karatasi moja na uibandike mahali unaposomea.

Fomu yenyewe haina maajabu. Jina liwe kama lilivyo kwenye vyeti, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa vivyo hivyo. Picha na sahihi ziwe za ukubwa uliotajwa. Usingoje siku ya mwisho, maana siku hiyo kila mtu yumo kwenye mfumo. Ukimaliza, hifadhi nakala ya fomu, risiti ya malipo na namba ya maombi mahali pawili tofauti.

Kuchagua somo

Pale unapotakiwa kutaja somo kwenye fomu, usilitaje kwa kutegemea kwamba utalibadilisha baadaye. Fanya jaribio hili kabla ya kuomba. Chukua silabasi za masomo mawili au matatu unayoyafikiria, pamoja na maswali ya miaka mitano iliyopita. Yasome maswali yote ya mwaka mmoja bila maandalizi yoyote. Usijiulize kama unaweza kuyajibu. Jiulize kama unaelewa yanataka nini. Somo ambalo maswali yake unayaelewa, hata kama majibu huna, ni somo unaloweza kulijenga. Lile ambalo maswali yake yenyewe ni giza litakula mwaka wako.

Utasikia uvumi kwamba somo fulani “linatoa alama”. Uvumi huo wameusikia maelfu ya wenzako pia, na wengi wao wamelichagua somo hilo hilo. Shahada yako ni mtaji mzuri, ila siyo amri. Kuna wahandisi wanaofanya vizuri zaidi katika sosholojia au utawala wa umma, kwa sababu masomo hayo yanawalisha hoja za insha na za maarifa ya jumla kwa wakati mmoja. Lakini wapo pia waliokimbia hisabati waliyoimudu, wakaenda kuhangaika na somo la maelezo walilodhani ni jepesi. Kama silabasi ya somo ulilosomea chuoni bado iko kichwani mwako, fikiri mara tatu kabla ya kuliacha.

Tazama pia muundo wa karatasi ya somo. Katika UPSC, kila karatasi ya somo ina maswali manane katika sehemu mbili, nawe unajibu matano. La 1 na la 5 ni ya lazima, na katika matatu yanayobaki lazima utoe angalau moja kila sehemu. Maana yake ni kwamba huwezi kusoma nusu ya silabasi na kuiacha nusu nyingine. Anayekwambia “mada hii huwa haitoki, iruke” hajausoma muundo.

Insha: hapa ndipo pa kutulia

Karatasi ya insha inaogopwa kwa sababu haina silabasi. Mimi naiona kuwa karatasi ya haki kuliko zote, maana inataka jambo moja tu ambalo mtumishi wa umma atalifanya maisha yake yote: aelewe swali aliloulizwa, achukue msimamo, na autetee kwa ushahidi mbele ya mtu asiyemjua.

Chukua mada hii niliyoitunga kwa ajili ya mfano: “Teknolojia inaweza kuondoa foleni, haiwezi kuondoa uonevu.”

Mwandishi dhaifu ataona neno “teknolojia” na kuanza na historia ya kompyuta. Atataja faida tano, hasara tano, kisha mapendekezo. Kila alichoandika kinaweza kuwa kweli na bado hajaigusa mada. Mwandishi mzuri huanza kwa kuyahoji maneno yenyewe. Foleni hapa ni nini? Ni kusubiri, lakini pia ni ile nafasi ya karani kuamua nani atangulie na kwa kiasi gani. Uonevu ni nini? Ni mwenye mamlaka kumnyima mtu haki yake akijua kwamba hana pa kulalamikia. Sasa, je, ni kweli kwamba teknolojia haiwezi kabisa kuugusa uonevu? Mada imesema kwa ukali, na pale iliposema kwa ukali ndipo insha inapozaliwa.

Msimamo unaweza kuwa huu: teknolojia inapunguza uonevu wa karani mmoja mmoja, lakini isipokuwa na binadamu wa kuwajibika, inaweza kuzaa uonevu unaowafikia maelfu kwa siku moja. Ukiwa na sentensi hiyo, ushahidi unajua pa kukaa. Kwa upande wa kwanza ipo Estonia, ambayo tangu mwaka 2001 ina mfumo wa X-Road unaoziwezesha taasisi kubadilishana taarifa moja kwa moja, badala ya kumtuma mwananchi kuzibeba kutoka ofisi hadi ofisi. Kwa upande wa pili ipo Australia, ambako mpango uliojulikana kama Robodebt, kuanzia 2016 hadi 2019, uligawanya mapato ya mwaka ya mtu kwa wastani, ukamwona kana kwamba alipata kiasi kile kile kila wiki mbili, kisha ukamdai pesa za ruzuku ambazo huenda hakuwa akidaiwa. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwaka 2023. Ipo na Uholanzi, ambako serikali ilijiuzulu Januari 2021 baada ya familia nyingi kutuhumiwa kimakosa kwamba zilifanya udanganyifu katika ruzuku ya malezi ya watoto. Mifano mitatu, kila mmoja na kazi yake. Aya inayofuata inampa nafasi mpinzani: karani alikuwa mwonevu kabla ya kompyuta kuja, kwa nini basi tuilaumu mashine? Mjibu kwa heshima, kisha onyesha kinachohitajika: haki ya kukata rufaa kwa mtu mwenye jina na ofisi.

Sasa hesabu ya muda. Pakistan inataka insha moja ya maneno 2500 hadi 3000 kwa saa tatu. UPSC inataka mbili, kila moja maneno 1000 hadi 1200, kwa muda huo huo. Kwa insha moja ndefu, tenga dakika 35 hadi 40 za kupanga na 15 za kusoma tena. Najua dakika 40 bila kuandika zinatisha, hasa jirani yako akiwa ameshafungua ukurasa wa pili. Mwache. Insha iliyopangwa huandikwa haraka, na insha isiyopangwa hugeuka njia katikati, msahihishaji akaona.

Kuhusu utangulizi wa kukariri, ule unaopachikwa kwenye mada yoyote, nauchukia kwa moyo wote. China ilitahini maofisa wake kwa maandishi kwa karne nyingi, hadi mfumo ulipofutwa mwaka 1905, na katika enzi za Ming na Qing insha ilikuwa na umbo lililoganda la sehemu nane. Malalamiko dhidi yake yalikuwa kwamba inawalea watu wanaojua umbo na hawajui jambo. Msahihishaji aliyesoma vijitabu mia moja anautambua utangulizi wa kukariri kwenye mstari wa pili.

Karatasi za somo

Hapa kosa kubwa ni kujibu mada badala ya swali. Pigia mstari kitenzi cha swali. “Eleza” hutaka jambo lilivyo na sababu zake. “Jadili” hutaka pande zaidi ya moja. “Tathmini” hutaka hukumu yako mwishoni, na bila hukumu jibu halijakamilika hata likijaa kurasa. “Linganisha” hutaka vitu viwili vitazamwe kwa kigezo kimoja. Kueleza kimoja hadi mwisho kisha kingine siyo kulinganisha.

Kasi nayo inahesabika. Karatasi ya kwanza ya maarifa ya jumla ya UPSC ina maswali 20: kumi ya maneno 150 na kumi ya maneno 250. Ni maneno 4000 kwa dakika 180, yaani kama 22 kwa dakika, ukiwa bado hujasoma swali wala kufikiri. Mkono ambao haujazoea hauwezi. Kwa hiyo andika kwa kalamu kila siku, hata jibu moja, kwa saa iliyopimwa. Kila juma andika insha moja nzima. Karatasi kamili ya saa tatu anza kuifanya miezi mitatu kabla ya mtihani.

Tafuta mtu wa kukusahihisha ambaye hatakuonea haya. Mwombe akwambie jambo moja tu baada ya kusoma: “Msimamo wako ulikuwa upi?” Akishindwa kuusema kwa sentensi moja, andika upya insha hiyo hiyo, siyo mpya. Kuandika upya ndiko kunakofundisha, na ndiko watu wanakokimbia.

Siku yenyewe

Kikague kijitabu cha majibu kabla ya kuanza: kurasa zimetimia, maelekezo umeyasoma. Usiandike jina, namba wala alama yoyote ya kukutambulisha mahali pasipotakiwa, kwani tume nyingi huadhibu jambo hilo. Anza na swali unalolijua vizuri zaidi, lakini andika namba ya swali waziwazi. Muda wa swali ukiisha, ondoka, hata kama sentensi tamu ilikuwa inakuja. Jibu la tano lililoandikwa nusu huleta alama nyingi kuliko kulipamba la nne. Dakika kumi za mwisho zikifika, pitia namba za maswali yote uliyojibu, kisha jaza pale ulipoacha nafasi.