Jinsi ya Kusoma Michongo ya Waelami huko Kul-e Farah

Korongo la Kul-e Farah liko kando ya mji wa Izeh, katika milima ya Zagros, mkoani Khuzestan nchini Iran. Lina michongo 6 ya Waelami, watu wa dola ya kale ya Elamu iliyokuwa kusini-magharibi mwa Iran ya leo, mingine kwenye kuta za mwamba na mingine kwenye majabali yaliyosimama peke yake. Jua na mvua vimeila mno, hata mgeni anayefika saa sita mchana huweza kuondoka akidhani ametazama jiwe tupu.

Hatua ya 1: Tafuta mwanga wa ubavuni. Mchongo uliolika huonekana kwa kivuli chake, kwa hiyo fika asubuhi au jioni, wakati miale ya jua inapoparuza uso wa jiwe. Pale jua lisipofika, na ukiwa na kibali, simamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, usiisogeze tena, kisha mulika tochi kutoka kushoto, kulia, juu na chini, ukipiga picha kila upande. Mstari unaokwenda sambamba na mwanga hupotea kabisa. Usiseme haupo kwa kutazama picha moja. Nakusihi usipake chaki wala kumwagia jiwe maji ili mistari ionekane, kwani madhara yake hayarekebishiki.

Hatua ya 2: Anza na mchongo wa I, kwa sababu una maandishi. Hanni mwana wa Tahhi, mtawala wa Ayapir, jina la kale la eneo hili, aliacha hapo mistari 24 ya mwandiko wa kikabari (alama zenye umbo la kabari) kwa Kielami, mnamo karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo. Yeye ni mkubwa kuliko wote waliomzunguka: hapa ukubwa ni cheo, si umbali. Watazame pia wapiga vinubi na wanyama wa kafara, maana utawakuta tena kwenye michongo isiyo na maandishi.

Hatua ya 3: Nenda kwenye mchongo wa IV, wa karamu, ambao kwangu ndio wenye utajiri kuliko yote. Una watu zaidi ya 100 waliopangwa kwa safu. Mtafute kwanza mtawala aliyeketi, kisha uhesabu safu moja moja.

Hatua ya 4: Chora kwa mkono, mstari kamili kwa unachokiona na wa nukta kwa unachokikisia, ukiandika pembeni saa na upande mwanga ulikotoka.