Namna ya kumfuatilia Joker bila kuchanganyikiwa

Kwanza kabisa achana na kutafuta Joker mmoja wa ukweli, huyu adui mkubwa wa Batman, hayupo, kila mwandishi anamsuka upya. Anza na komiki, jamaa alitokea mara ya kwanza 1940 kwenye toleo namba 1 la Batman, halafu ruka hadi komiki ya The Killing Joke ya 1988, ni fupi unaimaliza kwa mkao mmoja, na humo mwenyewe anakiri kwamba maisha yake ya nyuma kuna siku anayakumbuka hivi siku nyingine vile, hiyo kauli ishike.

Sasa njoo kwenye muvi. Ya 1989, Batman, Joker wa Jack Nicholson anatumbukia kwenye kemikali, haina utata. Ya 2008, The Dark Knight, ndo utulie nayo, Joker wa Heath Ledger anasimulia alivyopata makovu ya mdomo mara mbili na stori hazifanani hata kidogo, rudisha nyuma usikilize tena. Ya Joaquin Phoenix, Joker ya 2019, weka mwisho maana humo Bruce, yaani Batman mwenyewe, bado katoto.

Ukikutana na ile tamthilia ya Batman ya TV ya 1966 mkodolee Cesar Romero, Joker wa humo, juu ya mdomo, aligoma kunyoa masharubu wakayapaka rangi nyeupe hivyo hivyo, yanaonekana kabisa 😂