Somo: Tope la mtambo wa majitaka lisome kwenye jagi kabla hujagusa blowa

Wakuu, wengi mkiona povu mnakimbilia kuongeza hewa kwa blowa, ile mashine inayopuliza hewa kwenye tanki. Lakini kazi inafanywa na tope, yaani mabonge ya bakteria hai wanaokula uchafu. Mimi nahudumia mtambo mdogo wa hoteli hapa Dodoma, na kila asubuhi naanza na jagi la lita 1 linaloonyesha ndani.

Hatua ya 1: Chota tope kwenye tanki la hewa blowa ikiwa inazunguka. Weka jagi kivulini, usiliguse dakika 30. Tope lenye afya ni la kahawia, lina harufu ya udongo uliopata mvua, na linashuka kwa mabonge kama mtindi uliokatika. Soma alama. Likishuka mpaka mililita 250, na tope kavu (uzito wa tope lililokaushwa) ni miligramu 2,500 kwa lita, piga 250 × 1,000 ÷ 2,500 = 100, yaani mililita 100 kwa kila gramu ya tope kavu. Namba ikiwa kati ya 80 na 150, mambo ni shwari, kanywe chai. Ikizidi hapo, mara nyingi bakteria wa nyuzinyuzi, wenye umbo la uzi na wanaozuia tope kushuka, wameanza kutawala.

Hatua ya 2: Pima oksijeni kwenye tanki la hewa, lenga miligramu 2 kwa lita. Ikipungua sana, nyuzinyuzi hushamiri. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo blowa iliyotosha Dar huku inaweza kukuangusha.

Hatua ya 3: Angalia chakula cha bakteria, yaani uchafu unaoingia na majitaka. Hapa ndipo tunapoumia. Bunge likikaa vyumba vinajaa. Likiahirishwa, bakteria wale wale wanalala njaa. Chakula kikizidi, povu ni jeupe na tope halishuki. Wakiwa na njaa, povu ni zito la kahawia. Hapo punguza tope, lakini kidogo kidogo kila siku. Ukitoa nusu tanki kwa hasira utaanza upya.

Hatua ya 4: pH ibaki 6.5 hadi 8.5. Baridi ya Juni na Julai huwachelewesha bakteria wanaoshughulikia amonia, basi acha tope likae siku nyingi zaidi.

Na ongeeni na watu wa usafi! Kwangu iliwahi kumwagwa ndoo nzima ya klorini chooni. Kesho yake jagi lilikuwa uji wa kijivu, hakuna kilichoshuka.

MASWALI

— Mkuu, umeme ukikatika usiku kucha?
Tope litakuwa jeusi, linanuka yai viza. Umeme ukirudi, tanguliza hewa, majitaka mapya yasubiri.

— Langu linatulia vizuri, baada ya saa moja linaelea. Limekufa?
Hapana kaka. Likoroge taratibu, likitoa vipovu na kuzama, ni gesi ya naitrojeni. Limekaa mno chini ya tanki la kutulia, lile ambalo tope hutengana na maji, lirudishe tanki la hewa haraka zaidi.

— Hii inafaa mabwawa ya majitaka kama ya Swaswa hapa Dodoma?
Hapana dada. Kule hakuna blowa, oksijeni inatoka kwa mwani na jua. Jagi liache nyumbani.