Namna ya kumuuliza mzee anachotaka kabla hajahamia kituoni

Ndugu wengi wanaofika kwenye kituo chetu cha kutunzia wazee huku Iringa kuulizia nafasi huanza na kitanda, chakula na daktari. Ni maswali ya haki. Lakini mimi ni mhudumu, nimewaogesha na kuwalisha wazee muda mrefu, na naomba mniamini: kinachomfanya mzee atulie, au akae siku nzima amegeukia ukutani, mara nyingi ni jambo ambalo familia haikumuuliza. Kabla hamjafunga mizigo, muulizeni.

Msimuulize kwenye kikao cha ukoo. Mbele ya watoto wote na wakwe atasema "ninyi amueni tu," nanyi mtaondoka mkidhani ameridhika. Akae naye mtu mmoja aliyemzoea, na mikono iwe na kazi, kupukuchua mahindi au kuchambua maharage. Swali lisiwe "unataka nini?" kwa sababu atajibu "chochote tu, mwanangu." Uliza siku yake inavyokwenda. Baba, ukiamka unaanza na nini? Jioni unapenda kukaa na nani? Chakula gani hutaki hata kukiona? Hilo la chakula huwafungua wengi, kwa hiyo usiliache. Majibu yaandike kama alivyoyatamka yeye, usiyapange upya.

Ninachokisikia kuliko vyote ni kazi. Bibi mmoja alikuja kwetu akiwa amesuka vikapu vya milulu, yale majani ya kusukia, tangu usichana wake. Watoto walimwambia sasa apumzike, wakamnunulia shuka mpya na redio. Hakuwa analala. Siku mjukuu alipomletea mzigo wa milulu iliyokauka, alianza kuulizia soko ni lini. Macho hayamruhusu tena kuingiza rangi, ila kitako cha kikapu anakianza kwa vidole tu, na wahudumu wawili wamejifunza kwake. Basi jua mikono ya mzee wako imezoea nini, halafu kiulize kituo: kuna kipande cha bustani? Ataruhusiwa kumenya viazi jikoni, kulisha kuku? Mkijibiwa kwamba hapa wazee hawagusi kitu, wanafanyiwa kila kitu, mimi ningetafuta kwingine.

Kuoga kunahitaji swali la peke yake, na aliulize mtu wa jinsia yake. Mzee wa kiume akiogeshwa na binti mwenye umri wa mke wa mwanawe anaumia, hata asiposema. Kwa jadi ya Kinyakyusa mke wa mwana humkwepa kabisa baba mkwe wake. Sasa fikiria mzee kutoka Tukuyu anapovuliwa nguo na msichana wa umri huo. Atakataa maji, na wahudumu wataandika kwamba ni mkaidi. Ulizeni kama kuna mhudumu wa kiume, na zamu zake ni zipi.

Baridi nayo. Juni na Julai, kwa mtu wa Makete au Mafinga, uzee wote uko kwenye moto. Alizoea kukaa jikoni mpaka usingizi umchukue, akizungumza na yeyote anayepita, na kituoni anapewa chumba kizuri kisicho na moto wala mtu. Msimletee jiko la mkaa chumbani kumfurahisha! Moshi wa mkaa una sumu isiyo na harufu, na chumba kikifungwa inaua waliolala. Ombeni awe anapelekwa jikoni au kwenye sebule yenye dohani jioni. Mleteeni soksi za sufu, kofia na blanketi zito alilolizoea, hata kama limechakaa.

Semeni pia anaitwaje. Kuna anayetaka Baba fulani, kuna anayetaka jina la ubatizo, na mwingine anataka cheo alichokuwa nacho shuleni au kanisani. Shikamoo ni lazima kwa kila mhudumu, hilo halina mjadala. Na kama kumbukumbu imeanza kupotea, elezeni lugha yake ya nyumbani. Wengine Kiswahili huwatoka kwanza, kinabaki Kihehe au Kikinga. Nimemwona babu aliyekuwa amekataa dawa asubuhi nzima akafungua kinywa baada ya mtu kumsalimia kwa Kihehe, "kamwene."

Kwa wale wanaopenda ulanzi, pombe ya mianzi, wakati wake ukifika, mwulizeni daktari kwanza ikiwa mzee anatumia dawa za presha au kisukari. Akikatazwa, aambiwe yeye mwenyewe na apewe sababu. Asifichwe kama mtoto.

Kufichwa ndiko kunakowauma zaidi, hasa misiba. Familia huniambia, "Mama, usimwambie kwamba mdogo wake amefariki, atashtuka." Naye atakuja kusikia kwa mgeni, na tangu siku hiyo hatamwamini mtu yeyote aliyemficha. Muulizeni mapema: likitokea jambo nyumbani, uambiwe na nani? Ungependa upelekwe mazikoni ukiwa na nguvu? Kisha timizeni.

Upande wa karatasi sitakaa sana. Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na inaiweka familia mbele katika kumtunza. Makazi ya wazee ni hatua ya mwisho. Anzieni serikali ya kijiji au mtaa, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mkamilishe pia kitambulisho chake cha matibabu.

Swali gumu liacheni mwisho, na liulizwe na yule yule aliyekaa naye tangu mwanzo: angependa azikwe wapi. Watoto wengi wanaliogopa, wanaona kama wanamwita kifo. Wazee hawaliogopi. Wengi wamekwisha kuchagua, kando ya mume au mke, chini ya mparachichi fulani, na wanahangaika kwa sababu hakuna aliyewauliza. Andikeni kijiji, eneo la kaburi, nani atalipia gari na nani apigiwe simu kwanza. Nakala moja abaki nayo mzee, nyingine mtupe sisi, na mkibadilisha namba ya simu mje kutuambia.